Funda la Mwisho la Nyanya Mkawasi

Nina kisa. Mna masikio?

Wakesho aliolewa, na magari yaliyogombea kumbeba yalikuwa mawili. La mjomba wake Mwandoe lilikuwa la zamani, la milango miwili, pua ndefu, limeinama kama chui anayenyemelea. Likinguruma Mwatate, Wundanyi wanasikia! La shangazi yake Mghoi lilikuwa jipya, fupi, lenye mlango mpana kisogoni. Lilikwenda kimya, mafuta likiyaonja tu, na tumbo lake halikujua kushiba mizigo.

Siku ya harusi nyanya Mkawasi alikuwa bado kwake, ng'ambo ya kijito. Na kwao, nyanya asipompulizia mjukuu pombe ya miwa na kumwombea, bibi harusi havuki kizingiti. Kanisani walitakiwa saa sita. Mwandoe na Mghoi wakaenda kumchukua, kila mtu na lake.

Nyanya, na magoti yake yale yasiyokunjika, akalizunguka la Mwandoe. "Baba, zuri kweli. Lakini nikikunjwa humo, nani atanikunjua?"

Akaingia la Mghoi wima wima, kibuyu cha pombe mapajani.

"Gari ni linalobeba, shemeji!" Mghoi akacheka.

Kumbe mvua ilikuwa imenyesha. Baada ya kijito, kwenye mwinuko wa udongo mwekundu, la Mwandoe likapita. La Mghoi likazungusha magurudumu papo hapo. Mwandoe akashuka na kamba.

"Na linalovuta je, shemeji?"

Likanguruma, likawavuta wote mpaka juu. Juu huko likafuka mvuke: maji ya rejeta yamekauka. Mwandoe akakitupia jicho kibuyu.

"Thubutu!" nyanya akakikumbatia. "Kwani leo linaolewa gari?"

Mghoi akafungua mlango wa nyuma, akatoa mtungi wa maji ya wapishi. Gari likanywa, wakafika kwa bibi harusi saa tano na nusu.

Nyanya akampulizia Wakesho, akamwombea, vigelegele vikapaa. Kibuyuni likabaki funda moja, la kulipulizia gari litakalombeba kwenda kanisani.

"Alikuja na mimi!" shangazi akasema.

"Angefika bila mimi?" mjomba akajibu.

Nyanya amelitia funda kinywani. Amesimama katikati ya magari, Wakesho kashika gauni, anangoja. Nyanya anatazama huku, anatazama kule. Mashavu yamejaa, kusema hawezi.

Haya, semeni ninyi: apulizie lipi?