Kicheche Mjuzi wa Kuku na Mafiga ya Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya kuku anayeumwa mdondo. Wenye njaa nyamazeni, walioshiba waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Nyumba iwe na mlango, banda liwe na kuku, na kuku awe na mwenyewe. Tuanze.

Hii ninayowapa sio ya kuambiwa. Nilikuwepo, kwa macho yangu haya, nimekaa juu ya paa la banda toka mwanzo mpaka mwisho, natafuna karanga. Anayebisha aje mbele. Shule niliacha darasa la tatu, kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha, ila kwenye mambo ya kuku hata profesa ananiamkia.

Basi hapo zamani za kale, wakati kuku walikuwa wanasema kama watu, na wengine wanasema kuliko shangazi yako wewe unayecheka hapo nyuma, palikuwa na mwanamke anaitwa Siwema. Kaolewa juzijuzi tu.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Bibi harusi hapiki kwake. Anapika jikoni kwa mama mkwe, na mama mkwe ndiye anayeonja chumvi, ndiye anayepakua. Inakwenda hivyo mpaka siku atakayompikia mama mkwe kuku aliyeanguliwa uani kwake mwenyewe. Sio wa kununua, sio wa kuazima. Mama yake huyo kuku aonekane, na ndugu zake waonekane wanachakura. Siku hiyo mama mkwe anamletea mafiga matatu, naye anawasha moto wake.

Siwema aliyataka mafiga yale kuliko kanga mpya.

Mama mkwe wake aliitwa Bi Mashavu. Mwanamke yule akipiga chafya, mahindi yanajipukuchua yenyewe. Akamwambia, "Mwanangu, mdogo wake mumeo anaoa baada ya mavuno ya mtama. Mafiga niliyonayo ni hayo matatu tu. Atakayewahi kuku ndiye mwenye jiko. Atakayechelewa atanikorogea uji mpaka nife, na ukoo wetu sisi hatufi upesi."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia, na chumvi umezidisha."

Sasa, kwao Siwema walikuwa wafuga nyuki. Kuku alimjua akiwa kwenye sahani. Akajitwika kapu la mtama wa mwaka jana, akashika njia ya gulioni akabadilishe na kuku. Njiani, penye kichuguu, akamkuta Kicheche, yule mnyama mwenye mistari mgongoni, amekaa kakunja nne, jicho moja kafumba.

"Shikamoo, mjomba Kicheche. Jicho limekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Vumbi tu. Na mtama wote huo, wapi?"

"Natafuta kuku wa kuanzia. Ndio kwanza naanza, sijui nichague yupi."

Kicheche akasimama, akapiga makofi, akaimba:

*Kuku mimi nawajua,*
*nje nawajua, ndani nawajua,*
*mpaka mfupani nawajua!*

"Chukua kuchi," akasema. "Jogoo na jike lake. Miguu mirefu, mapaja haya hapa! Ukifuga, mwanangu, fuga kitu kinachoonekana."

Siwema akafika gulioni. Yule jogoo kuchi, jamani, acheni. Nilimwona mimi. Alikuwa anainama kupita chini ya mawingu. Akiwika Singida, Tabora wanaamka wanaswali.

"Mimi nimepigana na tai," jogoo akasema. "Tai akaomba maji."

Siwema akatoa mtama, akawachukua.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Jogoo kila asubuhi anatoka kutafuta ugomvi, jioni anarudi kilemba kimechanika. Jike likataga mayai machache, likayalalia, likayavunja kwa uzito. Kuruka juu kulala halikuweza, likawa linalala chini. Asubuhi moja Siwema akafungua banda, akakuta manyoya. Jike hamna. Jogoo yupo, mkia hamna.

"Kumetokea nini?"

"Alikuja mgeni," jogoo akasema. "Sikumtambua, nikampisha."

Bi Mashavu akapita na kata yake ya maji. "Siwema, kumbe unafuga manyoya! Hayo yanapikwaje? Hebu njoo ukoroge uji."

Siwema akajaza kapu la pili. Penye kichuguu Kicheche yupo, tumbo limemtuna kama ngoma.

"Mjomba, jike la kuchi limeliwa."

"Pole sana, mwanangu. Watu wabaya hawaishi." Akaimba:

*Kuku mimi nawajua,*
*nje nawajua, ndani nawajua,*
*mpaka mfupani nawajua!*

"Safari hii chukua kuku wa mayai, yule mweupe, wa kisasa. Anataga kila siku. Mnene, mpole, hajui kuruka, hajui kupiga kelele."

"Kutojua kuruka nako ni sifa, mjomba?"

"Sifa kubwa! Ukimweka jioni, asubuhi unajua alikuwa wapi."

Siwema akaenda, akamleta mweupe. Na kutaga, alitaga, lazima tuseme kweli. Mayai yakajaa kapu, yakajaa kinu, yakajaa kofia ya mume. Mimi mwenyewe niliteleza kule juu ya paa nikataka kuanguka.

Siwema akafurahi. "Haya, dada. Sasa lalia."

"Nilalie nini?" mweupe akauliza.

"Mayai yako."

"Mimi nikishataga nimemaliza. Kule nilikotoka, hiyo ni kazi ya mashine."

"Hapa mashine hamna."

"Basi na vifaranga hamna."

Siwema akambembeleza. Akamtengenezea kiota cha majani makavu. Mweupe akakitazama, akataga lingine pembeni, akaenda zake kula. Haukupita muda, asubuhi nyingine, Siwema akafungua banda. Maganda. Manyoya meupe. Na yule jogoo asiye na mkia yuko juu ya boriti anatetemeka.

"Mgeni tena?"

"Mgeni tena. Sasa naanza kumtambua."

Bi Mashavu akachungulia. "Leo manyoya meupe! Unabadilisha rangi tu, mwanangu."

Mtama shambani ulikuwa umefika magotini. Kwa mdogo wake mume tayari wanatafuta wapishi wa harusi. Siwema akakaa kizingitini akalia, halafu akajifuta, akakomba ghala, akapata kapu la mwisho. Baada ya hilo hamna lingine.

Penye kichuguu Kicheche yupo. Jicho moja bado kafumba, na kwenye sharubu kuna kitu kidogo cheupe kinapepea.

*Kuku mimi nawajua,*
*nje nawajua, ndani nawajua,*
*mpaka mfupani nawajua!*

"Chukua mweupe mwingine," akasema. "Chukua wawili. Ila nakuusia kama mwanangu wa kumzaa: usije ukamchukua kishingo, yule asiye na manyoya shingoni."

"Ana nini kishingo?"

"Mbaya yule! Shingo kama ya mzee aliyenyolewa kwa kigae. Tena hana heshima kwa wageni. Unamsogelea vizuri tu, kalalia vifaranga vyake, anakurukia, mbawa huku, kucha huku, anakudonoa ji..."

Akajiziba mdomo.

Siwema akalitazama lile jicho. Akautazama ule unyoya. Akajitwika kapu.

"Ahsante, mjomba," akasema. "Leo ndio umenishauri."

Gulioni kishingo alikuwa kwenye tenga la mwisho kabisa, hakuna anayemwuliza.

"Wewe unataga?" Siwema akamwuliza.

"Kiasi."

"Umepigana na tai?"

"Sijamtafuta."

"Sasa unajua nini?"

"Kukaa juu ya mayai mpaka yaongee," kishingo akasema. "Na anayegusa wanangu, mimi na yeye."

"Twende nyumbani."

Yule jogoo kuchi, hata bila mkia, sasa akapata kazi ya maana. Kishingo akataga kiasi chake, akayakalia. Mvua ikanyesha, yeye kakaa. Bi Mashavu akaja kuchungulia, akadonolewa kidole cha mguu. "Hee!" akasema, akarudi kinyumenyume. Ile ndio mara ya kwanza Bi Mashavu kurudi nyuma tangu azaliwe.

Mayai yakaongea. Vifaranga vikatoka.

Alfajiri moja Kicheche akaja bandani. Jamani! Vumbi lilipanda likafunika jua, kijiji kizima siku ile chakula cha mchana kililiwa kwa taa. Siwema akatoka na mchi mkononi, akamkuta Kicheche anatoka kwa mgongo, macho yote mawili kafumba, anapapasa njia.

"Mjomba, na jicho la pili limekuwaje?"

"Vumbi tu, mwanangu! Vumbi!"

Hakuonekana tena upande ule.

Mtama ukakomaa. Wenzie wakitia makali miundu, kijogoo kimoja cha kishingo kikaanza kujifunza kuwika. Siwema akakipika. Bi Mashavu akaja, akasimama uani, akamwangalia kishingo anachakura na wanawe.

"Huyu ndiye mama mtu? Mbona hivi?"

"Ndiye, mama."

Akakaa. Akala. Firigisi akaitafuna polepole.

"Chumvi je, mama?"

"Chumvi ipo."

Akainuka akaenda zake. Kurudi, figa moja kichwani, mawili kwapani. Akayatua.

"Shika. Na moshi wako usiingie kwangu."

Jioni ile Siwema akawasha moto wake mwenyewe, akakoroga uji, akautia chumvi anavyotaka yeye.

Basi mjue, nyie mnaotaka kuanza kufuga: kuku wa kuanzia haangaliwi urefu wala weupe, anaangaliwa kazi unayomtakia. Unataka vifaranga, tafuta anayekaa juu ya mayai. Na kabla hujafuata ushauri wa mambo ya kuku, mtazame mshauri meno.

Ngano nimeitaga, nimeilalia, imeanguliwa. Ikiwa nzuri, kafugeni. Ikiwa mbaya, iacheni nje ya banda.

Ila kitu kimoja nimekitia mwenyewe, nisiseme uongo. Jogoo kupita chini ya mawingu, kweli tupu. Kicheche ndiye hakuwepo. Aliyekaa pale kwenye kichuguu alikuwa mtu, miguu miwili, kanzu safi, na jina lake silitaji kwa sababu tumekaa naye mkeka mmoja.

Wewe hapo, mbona umefumba jicho?