Jitu la Chuma Lisilojua Kusimama

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mko wote?"

"Tuko wote."

Hapo zamani za kale, Nakunda alikuwa barazani akichambua mchicha, mara tetea wake akaingia mbio, mabawa yametawanyika.

"Mama, jitu limemshika Baba."

Nakunda akaweka ungo chini. "Limemshika wapi?"

"Mkono. Na linazidi kuvuta."

Jitu hilo lilikuwa la chuma. Lilikaa kando ya mto likisaga mahindi ya vijiji vyote. Kabla halijaja, wanawake walitwanga wawili wawili tangu alfajiri, viganja vikaota sugu, na watoto walilala wakingoja ugali. Lilipokuja, unga ulijaa, watoto wakanenepa, migongo ikapona. Nakunda hakulisahau hilo. Lakini Ngiri, msimamizi wa jitu, alikuwa na haraka. Alilifundisha maneno matatu tu: zunguka, saga, ongeza. La kusimama alisema atalifundisha baadaye.

Nakunda akachukua mchi wake, ambao siku hizi ulikuwa wa kuzuia mlango, akakimbia.

Alimkuta Senzia, mumewe, amepiga magoti, mkono wa kulia umezama hadi kiwiko.

"Lisimamishe," Nakunda akamwambia Ngiri.

"Shemeji, halijui. Na magunia ndiyo hayo, yanangoja."

"Yangoje."

Akaliinamia jitu. "Wewe, simama."

"Zunguka, saga, ongeza."

"Ndani yako kuna mtu."

"Zunguka, saga, ongeza."

"Mume wangu huyo."

"Zunguka, saga, ongeza."

Hapo Nakunda akakumbuka. Zamani za kutwanga, mwanamke akitaka kutia mkono kinuni ageuze mahindi, aligonga ukingo kwa mchi, na mwenzake akaacha. Hakuna aliyewahi kupondwa kidole. Vinu vilipotupwa, na ishara ile ya kugonga ilitupwa navyo.

Akagonga mdomo wa jitu. Ko. Likaendelea. Ko. Likapunguza mwendo. Ko. Likatulia, mto ukasikika.

"Hiyo ni nini?" jitu likauliza.

"Kwetu maana yake mkono uko ndani."

Jitu likasema, "Mikono mingine imepita humu. Nilidhani ni mahindi."

Ngiri akatazama pembeni.

Senzia akatoka. Mkono ukabaki. Nakunda akakifunga kigutu kwa kipande cha kanga, akakaza, akamgeukia Ngiri.

"Mahindi yangu nitaleta. Sirudi kutwanga, mgongo wangu nautaka. Ila hapa mdomoni atakaa mtu na mchi. Asipokuwapo, halizunguki."

"Kazi itachelewa, shemeji."

"Itachelewa."

Ikawa hivyo. Jioni ya siku Senzia alipoweza kuketi tena mkekani, Nakunda alisonga ugali wa unga wa jitu, mweupe, laini. Akaweka sinia katikati, na mchicha. Akawatazama mmoja mmoja, watoto, mume, hata tetea mlangoni.

"Mko wote?"

"Tuko wote."

Senzia akanyoosha mkono wa kushoto, akaurudisha. Kwao hakuna aliyekula kwa kushoto.

"Mama," mtoto mdogo akasema, "Baba anataka kula kwa kushoto."

"Ndio alio nao," Nakunda akasema. Akaunawisha mkono ule, akaukausha, akausogeza kwenye sinia. "Kuleni, mchicha unapoa."

Wakala. Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye sinia.