Mlango Mwembamba wa Bwana Ngiri

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipoyachoka mapori wakahamia mjini, chumba cha kupanga kilikuwa adimu kweli. Mtu akihama asubuhi, mchana utakuta umati mlangoni, wanasukumana na kutukanana.

Nguchiro alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Walilala ndani ya bomba chini ya barabara. Masika yalikaribia, na kitindamimba wake alishaanza kukohoa. Basi aliposikia Bwana Ngiri ana chumba ghorofani, hakungoja siku ya watu kuonyeshwa. Alitangulia peke yake, akapanda ngazi, akagonga kuta, ko! ko! ko! Kisha akajilaza kizingitini, akajinyoosha, akaupima mlango kwa mwili wake.

Akacheka mpaka akajishika mbavu.

Maana huyo Ngiri alikuwa bahili wa kutupwa! Alipojenga alibania kila kitu, hata milango ikawa kama nyufa. Lakini majivuno sasa! Alipita mtaani mkia juu, utadhani kajenga mji mzima.

Siku yenyewe ikafika. Kiboko alikuja amejipaka mafuta, anang'aa kama sufuria mpya. Nyati alikuja na tai, imemkaba shingo hata macho yamemtoka. Ndiyo maandalizi yao hayo! Hakuna aliyejisumbua kukitazama chumba.

Kiboko akamwona Nguchiro kwenye ngazi.

"We kidudu, umekuja kufagia?"

"Nimekuja kupanga, mjomba."

"Kupanga! Ho! ho! ho! Bwana Nyati, njoo usikie kichekesho!"

Nyati akakoroma. "Atapotelea humo ndani. Watamtafuta kwa taa."

Bwana Ngiri akatokea, mkia juu.

"Mimi nataka mpangaji wa kuonekana," akasema. "Mpangaji mnene ni heshima ya nyumba. Na watoto sitaki! Wanachora ukuta."

"Basi chumba ni changu," akasema Kiboko.

"Chako? Tangu lini? Ni changu!" Nyati akapiga kwato chini, gu! Vumbi la dari likamwangukia Ngiri puani.

Ngiri akajibanza ukutani. Jeuri yote ikamwisha. Nguchiro akamsogelea taratibu.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini wewe?"

"Nakuonea huruma tu. Ukimpa Kiboko, Nyati atakukanyaga. Ukimpa Nyati, Kiboko atakukalia. Kwa nini usitangaze kwamba atakayeingia wa kwanza, chumba ni chake? Hapo nani atakulaumu?"

Ngiri akavimba kifua kana kwamba wazo lilitoka kichwani mwake.

"Sikilizeni!" akapaza sauti. "Nimefikiri sana! Atakayeingia chumbani wa kwanza, chumba ni chake!"

Hawakungoja amalize. Kiboko huyoo! Nyati huyoo! Gubu, gubu, gubu! Wakaufikia mlango pamoja.

Pwaa!

Wakakwama. Tumbo la Kiboko huku, bega la Nyati kule, vichwa ndani, makalio nje.

"Rudi nyuma, mpumbavu!"

"Rudi wewe, pipa la mafuta!"

Majirani wakatoka vyumbani mwao. Nguchiro akajibana, akapenya katikati ya miguu yao, suuu! Akasimama katikati ya chumba.

"Bwana Ngiri!" akaita. "Nimeingia!"

"Hukuingia!" Ngiri akafoka kutoka nje. "Nilisema wakubwa! Tena wewe una watoto!"

"Ulisema atakayeingia. Majirani, alisemaje?"

"Atakayeingia wa kwanza!" majirani wakajibu kwa pamoja, wakamcheka.

"Nyamazeni! Sitoi chumba kwa kidudu!"

"Sawa," akasema Nguchiro. "Basi wapangaji wako ndio hao hapo mlangoni. Hongera, ni wanene kweli."

Krrr! Ukuta ukapasuka. Plasta ikaporomoka, na ndani yake hapakuwa na tofali hata moja. Ni udongo mtupu na majani!

"Lahaula!" akasema jirani mmoja. "Kumbe tunalala kwenye kichuguu!"

Ngiri akataka kulia. Akavuta mkia wa Kiboko, wapi! Akausukuma mgongo wa Nyati, wapi!

"Nguchiro, mama, nisaidie! Nyumba yangu!"

"Chumba cha nani?"

"Chako!"

"Na watoto wangu je?"

"Walete! Walete na bibi yao!"

"Sema kwa sauti, majirani wasikie."

Akasema, tena kwa sauti ya kubembeleza, mkia umelala.

Ndipo Nguchiro akageuka, akaingiza ncha ya mkia wake puani mwa Kiboko, kisha puani mwa Nyati, akatekenya.

"Ha... ha... CHYAAA!"

Wakapiga chafya kwa mpigo, wakachomoka kinyumenyume, wakabingirika ngazini mpaka barabarani. Tai ya Nyati ilibaki sakafuni. Kiboko aliinuka amejaa vumbi, ananata kama andazi lililoanguka. Kila mmoja akashika njia yake, wala hawakuagana.

Jioni ile mvua ilinyesha kwa nguvu. Nguchiro alikuwa ghorofani, kitindamimba amelala mgongoni kwake, na wale wawili wakubwa wanachora ukuta.

Hekima yake ni hii, wanangu: anayejipamba kwa ajili ya nyumba asiyoijua humwachia nafasi yule aliyekwenda kuitazama.