Makaa Chini ya Jiwe la Mpaka

Bisha! Bisha sasa hivi, maana tukifika katikati utakosa mate ya kubishia. Shule niliikimbia darasa la tano, lakini hili nalijua: zamani Warumi walilikata jimbo lao la Afrika viwanja vya mraba, mistari ikipanda vilima na kushuka bila kupinda, kama mkeka uliosukwa na jitu. Kila pembe, jiwe.

Huko waliishi Arishati mfumaji, aliyejua kutuliza uzi wowote. Idibali mchunga mbuzi, mwenye macho ya kipanga. Na Namfamo mchimba visima, ambaye ardhi haikumficha kitu.

Jiwe moja likahamishwa, na kiwanja cha dola chenye chemchemi kikamezwa na shamba la tajiri. Akakizungushia miiba. Tangu hapo Arishati alitembea nusu siku kumtafutia maji mama yake mgonjwa.

Hakimu akaja. "Atakayenionyesha mpaka wa kweli kabla jua halijatua, kiwanja ni chake. Hakigawanywi. Mkishindwa, kinabaki kwa tajiri."

Idibali akasimika chombo cha wapimaji: mti wenye msalaba juu, kila ncha ikining'iniza timazi, uzi wenye uzito mwishoni. Upepo ukazipeperusha.

"We mchunga mbuzi," tajiri akacheka, "nyuzi zinakuchezea ngoma!"

Arishati akaleta vyungu vinne vya maji, yale yale aliyomtekea mama yake, akazamisha kila timazi ndani. Nyuzi zikatulia tuli.

Idibali akafumba jicho moja. Akalenga kutoka jiwe moja la pembe lililobaki, wakahama na vyungu, akalenga kutoka la pili. Mistari ikakutana katikati ya shayiri ya tajiri.

"Shayiri tupu!" tajiri akafoka. "Jiwe liko wapi?"

Namfamo akashika jembe. Akapiga pale mistari ilipokutana, bila kumtazama tajiri. Arishati akadhani ni hasira. Dhiraa mbili chini, makaa na vigae! Wapimaji wa kale walivizika chini ya kila jiwe, kwa kuwa makaa hayaozi. Arishati akaligusa moja. Miaka themanini ardhini, bado likampaka weusi kidoleni, kana kwamba moto umezimwa jana. Hakimu mwenyewe alipiga goti.

Kisha wakaanza kubishana.

"Bila jicho langu mngechimba hadi kuzimu," Idibali akasema.

"Jicho lililokuwa linayumba na upepo, mdogo wangu?" Arishati akamjibu.

"Na mistari bila makaa ni maneno matupu," Namfamo akanung'unika, macho chini.

Haya, wewe mjuaji, chemchemi ungempa nani? Usiniambie wote watatu, umemsikia hakimu.

Ngoja, usipayuke. Kuna kipande nimekiruka. Aliyeling'oa jiwe lile, kwa kutumwa na tajiri, ni Namfamo. Angekataa kuchimba, au angechimba pembeni, siri yake ingekufa naye. Akapiga pale pale.

Ningekwambia mwanzoni, ungeshaamua kabla hajashika jembe. Sasa amua.