Shada Moja, Shingo Nne

Haya, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, nikishaanza sitaki kelele. Hadithi hii nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kuwauliza Waingereza, hawaijui. Nawasimulia kwa sababu imenishinda, na nyinyi mnapenda kuhukumu.

Zamani za taa za gesi, katika mji mdogo wa Colverton huko Uingereza, waliishi watu wanne. Wa kwanza ni Ambrose Tilling, mtunzi wa muziki. Mtunzi wa kule huketi mezani akaandika kila mtu apige nini, fidla huku, tarumbeta kule, kwaya nyuma, na siku ikifika husimama mbele na kijiti chake kuwaongoza. Kipaji cha Tilling kilikuwa kujenga. Ungempa vipande visivyojuana, angekurudishia kitu kizima. Wa pili ni mkewe, Lavinia, mwenye sikio lisilodanganyika. Wa tatu ni Hester Gooch, mke wa mchimba makaa ya mawe, aliyekuwa na wimbo. Wa nne ni Jethro Pask, jirani yake Hester ukuta kwa ukuta, mpiga baragumu wa bendi ya mgodi, aliyekuwa na pumzi kuliko mtu yeyote mjini.

Mwaka mmoja mgodi uliporomoka. Wanaume wengi wakafia chini, mume wa Hester akiwa mmoja wao. Meya akamwita Tilling akamwambia, "Tutungie muziki wa kuwaaga. Ukifana, tutakuvika shada la majani mbele ya mji mzima, na jina lako tutalichonga kwenye jiwe la mlango wa ukumbi."

Tilling alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakuna kazi yake iliyowahi kupigwa mara ya pili. Alilitaka jiwe lile kupita kiasi. Msimcheke. Nani kati yenu hataki jina lake libaki?

Akajifungia, akaandika, akachana. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa moyo wa ile kazi. Siku moja akaenda kumpa Hester pole, akamkuta anakunja mashati ya marehemu huku akiimba kwa sauti ya chini. Tilling akasimama pale mlangoni, mwili ukamsisimka.

"Ni wimbo gani huo, Bi Hester?"

"Si wa watu, bwana. Marehemu aliutunga, akawa ananiimbia jioni akishavua viatu. Mimi peke yangu."

"Samahani sana," Tilling akasema, akainamisha kichwa kwa adabu. Lakini kabla hajafika kona ya mtaa, alikuwa ameshauandika wimbo wote kwenye mkono wa shati lake. Kisha akashusha mkono wa koti ukafunika. Aliyefunika anajua alichofanya, na Tilling alijua. Masikio yalimwaka hadi nyumbani.

Sasa wimbo anao, lakini hakujua aufanyeje. Wenye kwaya zenu hapa mnaelewa: tuni peke yake haitoshi, zinahitajika sauti nne, kila moja na njia yake. Kila alivyozipanga, wimbo uligeuka wa sarakasi. Asubuhi moja Lavinia aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona, akaja kuketi kwenye kinanda. Alifundishwa muziki tangu utotoni, ila alipoolewa ikawa kazi yake ni kumchorea mumewe mistari ya kuandikia noti na kupokea wageni.

"Besi, ile sauti nzito ya chini, isikimbie," akasema. "Iache ikae pale pale, wanawake ndio watembee juu yake. Sikiliza."

Akapiga. Tilling akasimama nyuma yake, akaandika kila kitu bila kubadilisha hata noti moja. Jumapili wageni walipokuja kunywa chai, mmoja akauliza sehemu ile nzuri ilimjiaje. Tilling akajibu, "Ilinijia tu nikitembea mtoni." Lavinia alikuwa anamimina chai. Hakumwaga, akauliza tu nani anataka sukari. Mimi ningemwaga.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa, wajane wakapewa viti vya mbele. Jethro Pask alikuwa kule nyuma ya fidla na baragumu lake. Sasa mjue kwamba mpiga baragumu kazi yake kubwa ni kunyamaza. Anakaa anahesabu ukimya wake, na hesabu ikitimia ndipo anapuliza. Katika mazoezi yote Jethro hakukosea. Lakini siku ile alimwona Hester amevaa koti la marehemu, mikono imemzidi urefu, na hesabu ikampotea.

Tilling alikuwa amepanga kwamba kabla ya ule wimbo wa Hester kila kitu kinyamaze, kisha kwaya na vyombo vyote viingie na wimbo kwa pamoja, kwa kishindo. Ukimya ukashuka. Na ndani ya ukimya huo, kabla ya wakati wake, Jethro akaingia peke yake.

Alipojisikia yuko peke yake, uso ulimpauka. Ila mpigaji akishaingia hawezi kurudi. Akaendelea, polepole, namna alivyousikia wimbo ule miaka mingi kupitia ukutani. Kwaya nzima ikamtazama Tilling. Alitakiwa kushusha kijiti waingie, aokoe kazi yake. Hakukishusha. Aliinua kiganja cha mkono wa kushoto akawazuia wote, akamwachia Jethro aupige wimbo hadi mwisho. Ndipo akawaruhusu, na zile sauti nne za Lavinia zikaja chini yake taratibu. Watu wazima walilia kwa sauti. Meya alilia. Hester peke yake hakulia. Alikuwa ameshika pindo za lile koti, anamtazama Tilling.

Makofi yakapigwa hadi vioo vikatetemeka. Meya akapanda na shada, akalisogeza shingoni kwa Tilling, naye Tilling akalidaka kwa mikono kabla halijamgusa.

"Si langu," akasema. "Sikufanya peke yangu."

"Mnaona unyenyekevu wa mtu mkubwa!" Meya akapaza sauti, na makofi yakaongezeka mara mbili.

Hapo ndipo aibu ilipomshika sawasawa. Alikiri mbele ya mji mzima, na ule ukiri wake ukawa sifa nyingine. Akashuka jukwaani na shada mkononi, akaenda kwanza kwa Jethro.

"Usinivike mimi, bwana," Jethro akamnong'oneza. "Mimi nilikosea. Umenisitiri kwa kile kiganja chako, basi tuishie hapo."

Akaenda kwa Lavinia, aliyekuwa ameketi kando.

"Leo makofi yamejaa, ndiyo unanikumbuka?" Lavinia akasema, bila hasira. "Siku ya chai tulikuwa watu sita tu, Ambrose. Ingetosha uniseme siku ile."

Akafika mbele ya Hester.

"Bi Hester, nimekuibia."

"Najua," Hester akasema. "Nimeusikia na wenzangu wote wameusikia. Wamewalilia waume zao kwa wimbo wa mume wangu, na siwezi kusema ni vibaya. Ila majani siyataki, bwana. Nataka uniambie: leo jioni nikiuimba, bado utakuwa wangu?"

Kabla Tilling hajajibu, nyuma yake Meya alikuwa amekwisha kumwita mchonga mawe, patasi mkononi.

"Haya, Bwana Tilling! Tuandike jina gani?"

Nimemwacha pale pale, katikati ya viti, na majani yanaanza kumnyauka mikononi. Bila Hester hapangekuwa na wimbo, bila Lavinia ungekuwa wa sarakasi, na bila kosa la Jethro usingemliza mtu. Bila kile kiganja cha Tilling, kosa lingebaki kosa. Msiniambie wagawane, jiwe lina nafasi ya jina moja, na shada ni moja. Na msiniambie jiwe libaki tupu, kwa maana mji ule umezika watu wake na unataka kukumbuka.

Mchonga mawe ameshainua nyundo. Wewe uliyekaa hapo karibu na mlango, unayejiona mwadilifu: shada utamvika nani, na ukishamvika, utamjibu nini Hester?