Kibuyu Chenye Shanga

Mwaka ule mvua ilikuja nyikani kama mgeni mwenye haraka: ikachungulia, ikanyunyiza, ikaenda zake. Mahindi ya msaada aliyoyaleta Fisi yakakauka yangali kimo cha goti la swala. Likabaki tegemeo moja tu: mbegu za mtama za Mama Nungunungu, mtama usiojali kiu.

Basi Fisi, Mwenyekiti wa Kamati ya Tabianchi, mla wali wa kila warsha, akatinga kwa Mama Nungunungu, tai shingoni, Mfalme Simba nyuma yake.

"Climate resilience, mama!" akabweka. "Mbegu zote zihamie kwangu, ziwe salama."

"Salama na nani?" Mama Nungunungu akauliza, miiba imemsimama.

"Mpe," Simba akanguruma. "Ameahidi kunichongea sanamu."

Sungura, jirani, akasogea mlangoni. Watoto wake walishaanza kutafuna mkeka; mbegu zikiingia kwa Fisi, kwisha habari.

Lakini watunza mbegu wa pale hutundika vibuyu viwili. Cha mlangoni, kilichorembwa kwa shanga, ni cha kuwakomesha panya: makapi, majivu na pilipili kichaa. Cha mbegu huning'inia juu ya meko, cheusi tii kwa moshi, wadudu wasikisogelee. Na Fisi alikuwa ameanza kutazama juu!

"Sori, bosi!" Sungura akaruka. "Mheshimiwa mzima ubebe lile sizi? Chukua hiki chenye shanga, kinaendana na tai."

"Huyu ndiye msomi!" Fisi akakikumbatia kibuyu, akatokomea.

Kesho yake, mawingu yalipojikusanya tena, Simba akawakusanya wanyama palepale kwa Mama Nungunungu, akaitisha mbegu. Fisi akaja na kibuyu kitupu, ulimi umevimba kama kiatu, machozi na makamasi vikishindana.

"Fadudu famekula fyote, Mfalme!"

"Maskini wadudu," Sungura akasema. "Nao wanalia hivyo? Buda, hata panya huonja mara moja akakimbia. Wewe umelamba mpaka kitako!"

Wanyama wakaangua kicheko. Mama Nungunungu akashusha kibuyu cheusi, mtama ukamiminika kwenye ungo. Simba, aliyekuwa ameshaanza kukaa mkao wa sanamu, aibu ikamshika, akafoka:

"Fisi! Mpaka mavuno, wewe ndiwe mpuliza moto wa meko haya!"

Mtama ukaiva kwa mvua ileile haba, watoto wa Sungura wakausahau mkeka. Na ile sauti ya Fisi mnayodhani ni kicheko, ni kikohozi cha moshi. Hayo ndiyo ya kujitia mlinzi wa chakula cha watu, na hata wanakokiweka hujauliza.