Kutaiba Msagaji na Mkate wa Wanachuo

Katika habari za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, imepokewa habari ya mtu aliyeitwa Kutaiba bin Rabia, msagaji wa unga katika mji mmoja wa bara Sham. Mji huo ulikuwa kando ya mto, na kinu chake kilikuwa pale pale ukingoni: mawe mawili makubwa yaliyozungushwa na gurudumu la maji. Watu walipeleka ngano yao, ikasagwa, na ijara ya msagaji ilikuwa kibaba kimoja cha unga katika kila gunia. Kibaba hicho kilikuwa cha mfuto. Msagaji huchota unga, kisha hupitisha kijiti juu ya mdomo wa kibaba, na kilichozidi kikaanguka guniani kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo ada waliyoikuta kwa wazee wao, na hakuna aliyeigombania.

Katika mji ule palikuwa na chuo kikubwa kilichoungana na msikiti wa Ijumaa. Hakikuwa chuo cha sultani wala cha ukoo fulani. Kilikuwa cha watu wote. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchunga punda walikaa jamvi moja, wakasoma fikihi na hesabu na tiba na elimu ya nyota. Wengine walitoka nchi za mbali, hawana shangazi wala mjomba pale mjini. Chuo hakikumtoza mtu kitu, kwa kuwa kiliishi kwa wakfu za Waislamu. Huyu alitoa duka, kodi yake ikanunua mafuta ya taa. Yule alitoa kisima. Na Kutaiba, ambaye Mwenyezi Mungu hakumjaalia mtoto, alitoa kinu chake. Aliwaita mashahidi akasema, "Kinu hiki nimekiweka wakfu kwa wanachuo. Mimi nitabaki mtumishi wake, nile kwa kadiri ya kazi yangu, na unga unaobaki uwe mkate wao."

Tendo jema lililoje! Wanachuo wakamwita Baba. Akipita uani pa chuo walisimama wakamwambia, "Karibu, baba yetu," naye akainamisha kichwa kama mtu asiyependa mambo hayo, na moyoni akayapenda sana. Basi hapo ndipo Shetani alipopata mlango. Hakumjia kwa ulevi wala kwa uzinzi, maana angefukuzwa. Alimjia kwa sadaka.

Ilitokea mwaka mmoja wanachuo wakawa wengi mno, na mikate ikawa haitoshi. Kutaiba aliwaona vijana wanagawana mkate mmoja huku kila mmoja akimsukumia mwenziwe kipande kikubwa, akaumia kama baba aumiavyo. Alipokuwa kinuni, akachota unga, akakitazama kile kijiti, akakiacha. Akasema moyoni mwake, "Ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Nani atawanyima watafuta elimu chembe ya unga?" Kibaba cha mfuto kikawa cha tele. Baadaye akawa anaushindilia unga kwa kiganja kwanza, kisha ndipo anaongeza mwingine juu yake mpaka ukasimama kama kichuguu. Mkate wa chuoni ukanona. Naye kila alipoitwa Baba, aliona sasa ndiyo anastahili.

Wenye magunia waliona, naam, lakini nani aseme? Kulalamika ni kuonekana bahili mbele ya nyumba ya elimu. Wakanyamaza, na Kutaiba akaudhania ule ukimya kuwa ni radhi zao.

Mpaka alipokuja Ummu Jundab, mjane mmoja aliyeishi kwa kusokota sufu, na gunia lake dogo lenye viraka. Kutaiba akachota, akashindilia, akajaza.

"Polepole, ewe Kutaiba," akasema yule mama. "Hilo ni gunia langu, si ghala la Nabii Yusufu."

Watu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka, na Kutaiba naye akacheka. "Ni chakula cha wanachuo, Ummu Jundab. Furahi, nawe una fungu lako katika thawabu."

"Fungu gani? Thawabu ni ya aliyetoa, nami sikutoa. Sikuulizwa hata! Umetoa wewe, kwa mkono wako, katika gunia langu. Basi siku ya Kiyama utaingia Peponi umelipanda gunia langu kama farasi, na mimi niko nyuma kwa miguu nauliza watu, 'Jamani, hamkumwona mwenye unga wangu?'"

Kicheko kikavuma kinu kizima. Safari hii Kutaiba hakucheka. Aliona haya mbele ya watu, na haya ikageuka ghadhabu. "Mwanamke wewe, humchi Mungu? Unawahesabia wanachuo kiganja cha unga?"

Ummu Jundab akaacha mzaha. Akafunga mdomo wa gunia lake taratibu, akasema, "Nina wajukuu mayatima, Bwana Kutaiba. Mwezi ukielekea kuisha tunakoroga maji ya moto tukiyaita uji. Nisingekwambia hayo. Ungeniacha nikacheka tu." Akajitwika gunia lake akaenda zake.

Kutaiba akarudi nyumbani na moyo mzito. Akamsimulia mkewe, Bibi Lubaba, akitaraji atasikia neno la kumtuliza. Lubaba alikuwa akikanda unga. Alimpenda mumewe mapenzi ya kweli, kwa hiyo hakumficha.

"Kinu kilikuwa chako, nawe umekitoa," akasema. "Unga haujapata kuwa wako."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua. Nilikuona una furaha, nikaogopa kukuvunja moyo. Mwenyezi Mungu anisamehe."

Kutaiba akakaa kitako, asiweze kula. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: nitarudisha kijiti, nitatubu kimya kimya, na Mola wangu ni Msamehevu. Lakini alikuwa amesikia darasani ya kwamba haki ya Mungu mja huiombea msamaha kwa Mungu, na haki ya mtu hurudishwa kwa mtu. Na kuirudisha ni kusema. Akisema, nani atamwamini tena? Ng'ambo ya daraja palikuwa na kinu kingine, cha mtu aitwaye Jabala, ambaye hakuwa na wakfu wowote. Watu wakihamia kule, hakuna kibaba, na pasipo kibaba hakuna mkate. Baridi ilikuwa imeshaanza kushuka milimani. Wanachuo watakwenda wapi?

Akaenda kwa Sheikh Mundhiri, mkuu wa chuo. Alimkuta amekaa uani pamoja na wanafunzi wake, kipande cha mkate mkononi. Kutaiba akamwomba faragha, wakasogea pembeni, akamweleza yote bila kupunguza.

Sheikh akakitazama kile kipande. "Mkate huu?"

"Ndiyo, Sheikh. Huo."

Akauweka chini polepole. Kutaiba, kwa udhaifu wa mwanadamu, alikuwa bado anatumaini kwamba mwanachuoni huyu atamtafutia njia nyepesi. Akasema, "Nikinyamaza, vijana wanakula. Nikisema, watatawanyika. Je, haiwi maslahi ya umma, Sheikh, nikarekebisha tu kuanzia leo, yaliyopita tukayaacha yapite?"

Sheikh Mundhiri aliutazama tena ule mkate. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea mwenyewe, "Niliuona mkate umenona. Nikasema alhamdulillahi. Sikuuliza umenona kwa nini. Mimi, ninayefundisha watu waulize! Kosa lako lina mwenzake, ewe Kutaiba, na mwenzake ni mimi." Akawatazama wale vijana. "Asubuhi nawasomesha haki za watu, na mchana nawalisha haki za watu. Wakitoka hapa wakawa makadhi na matabibu, watakuwa wamejifunza lipi kwangu, la asubuhi au la mchana?"

"Watakaa na njaa, Sheikh."

"Watafunga. Asiyeweza nitampa ruhusa aende kwao, nami nitalia akienda. Chuo kikifungwa kwa njaa kitafunguliwa siku nyingine. Nenda ukaseme kweli, nami nitasimama ubavuni mwako."

Basi siku ya Ijumaa, swala ilipokwisha, Kutaiba akasimama mbele ya watu wa mji. Akashika nguzo. Akasema, "Enyi watu, mnanijua. Nimekuwa nikichukua katika magunia yenu zaidi ya haki ya kinu. Sikula, nimewapa wanachuo. Lakini sikuwa na ruhusa ya kuwapa. Nilitaka kuitwa mkarimu, nikaufanya ukarimu kwa mali yenu. Kila niliyemdhulumu nitamjia nyumbani kwake. Nisameheni, au nidaini." Na Sheikh akasema, "Nasi tuliokula tunawaomba mtuhalalishie."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe!" Kisha wakatoka.

Ndugu zangu, tusidhani mkweli hulipwa papo kwa papo. Siku zilizofuata watu walihamisha ngano yao kwa Jabala, na Jabala akawa anawaambia wateja wake, "Kwangu mimi hakuna ucha Mungu, kuna unga tu," nao wakacheka. Jiwe la Kutaiba likawa linazunguka kwa magunia machache, siku nyingine halizunguki kabisa. Chuoni vijana wakafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha wakafunga na siku nyingine. Wenye nguvu walibeba mizigo sokoni baada ya darasa. Baadhi yao wakaaga wakaenda makwao, na Sheikh akalia kama alivyosema. Kutaiba aliyaona hayo kwa macho yake, na mara nyingi nafsi ilimwambia, umeona ulichofanya? Akaijibu kwa istighfari, akaendelea.

Alianza na ngano ya ghala lake mwenyewe. Akaisaga, akaibeba begani, akapita nyumba kwa nyumba. Wengine walimsamehe mlangoni wakakataa kupokea. Wengine walipokea wala wasimtazame usoni. Alipofika kwa Ummu Jundab, yule mama akachungulia ndani ya mfuko.

"Huu wa tele au wa mfuto?"

"Nimekujazia, mama yangu, tena kwa wingi."

"Basi rudisha wingi wako. Nipe kilicho changu tu, nisije na mimi nikala cha watu." Akakipokea kilicho haki yake. Kisha akasema, "Unga nimekusamehe. Lakini lile neno lako, kwamba mimi simchi Mungu, bado linanichoma. Kwa hilo nipe muda."

"Nitangoja," akasema Kutaiba. Wala hakumhimiza.

Baridi ikazidi. Wale vijana waliosoma tiba, pamoja na njaa yao, hawakuacha ada yao ya kuzunguka kwenye nyumba za maskini kutazama wagonjwa, kwani ndivyo chuo kile kilivyowalea. Na katika baridi ile homa iliingia nyumba nyingi.

Ikawa asubuhi moja Kutaiba anafagia kinu kitupu, akamwona Ummu Jundab anashuka ukingoni na gunia lake, na nyuma yake majirani na magunia yao. Akalipokea gunia lake. Akasaga. Akachota unga, akapitisha kijiti mbele ya macho ya yule mama, mdomo wa kibaba ukawa sawa kama meza.

Ummu Jundab akautazama ule unga. Kisha akaingiza mikono yake miwili katika gunia lake mwenyewe, akachota, akamimina juu ya kibaba.

"Huu sasa nimetoa mimi," akasema. "Kuna kijana wenu mmoja amekesha na mjukuu wangu mwenye homa. Nimempa maji ya kunywa, akasema amefunga. Nikamwuliza, mwanangu, unafunga nini siku isiyo na saumu? Akaona haya." Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Wapikieni watoto wa watu."

Kutaiba akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile neno langu, mama?"

"Limepoa," akasema Ummu Jundab. "Pima, watu wanangoja."

Aliyefuata alikuwa mtu fukara, mpakia punda. Kutaiba akafuta kibaba chake kwa kijiti. Yule mtu akamtazama Ummu Jundab, akawatazama majirani, akaanza kuupeleka mkono guniani huku uso wake umejaa dhiki. Hapo Kutaiba akafahamu jambo. Akafahamu kwamba macho ya watu yanaweza kunyang'anya kama mkono. Basi akageuka akautazama ukuta, akawaambia waliokuwapo, "Nanyi geukeni, Mwenyezi Mungu awarehemu." Wakageuka wote. Hakuna aliyejua yule mpakia punda alitoa au hakutoa, mpaka aliposema mwenyewe, "Tayari," na unga ukamwagwa katika pipa la chuo.

Ikawa ndiyo ada ya kinu kile. Msagaji hufuta kibaba, kisha hugeukia ukutani mpaka mwenye gunia aseme "Tayari." Mkate wa chuoni haukunona tena kama ule wa zamani. Ulikuwa mdogo, na siku nyingine mdogo sana. Lakini mlango wa chuo haukufungwa, na baadhi ya walioondoka wakarudi. Walipotaka kumwita Kutaiba Baba, aliwaambia, "Mimi ni msagaji wenu. Baba zenu wako nyuma ya mgongo wangu, na wala siwajui."

Enyi ndugu katika imani, nasi tuna vyuo vya watu wote, na watoto wa maskini wamo ndani yake, na havisimami ila kwa mikono inayotoa. Tutoe, kwani kumsaidia anayetafuta elimu ni kuusaidia mji mzima, na huenda atakayekesha kitandani kwa mwanao ni yule uliyemlisha mkate. Lakini tutoe kilicho chetu. Na tukiwa sisi ndio wachangishaji, tumwombe mtu kwa wema, kisha tuugeuze uso wetu. Mwenyezi Mungu atusamehe sisi ambao mara nyingi tumependa kuitwa wakarimu kuliko tulivyopenda kuwa waaminifu. Amin.